Wilhelm: jina lililofika Unyamwezi kwa njia ya msafara

Mwanzoni mwa karne ya 20, mpagazi wa Kinyamwezi aliyepokea ujira wake Tabora alitiwa mkononi sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 11 na ushei. Upande mmoja ulikuwa na sura ya mwanamume mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma iliyokaliwa na tai kwa juu. Sura hiyo ilizungukwa na maneno ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Mpagazi hakuwa na haja ya kuyasoma. Rupia ilipimwa kwa mlio na uzito wake, kisha ikafungwa kwenye pindo la nguo. Hata hivyo jina lile lilikuwa limesafiri mbali kuliko yeye, na yeye alikuwa mtu aliyezoea kutembea kutoka Unyamwezi hadi pwani ya Bagamoyo na kurudi, mzigo begani.

Guilelmus ni Wilhelm kwa Kilatini. Majina ya kale ya Wajerumani, kabla ya kanisa kuleta majina ya mitume na watakatifu, mara nyingi yalijengwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa. Kipande cha kwanza cha jina hili kilihusu utashi, dhamira, kutaka jambo kwa moyo wote. Cha pili, helm, ni kofia ya chuma ya mpiganaji, na kwa maana pana ni kinga. Vipande hivyo havikuunganishwa ili vitoe sentensi kamili. Wazazi walichukua viwili vyenye sifa, pengine kimoja kutoka jina la babu na kingine kutoka ukoo wa mama, wakampa mtoto. Ndiyo maana kipande cha wil kinaonekana katika majina mengi, na helm vilevile: Helmut, Anselm, Wilhelm.

Unyamwezini watu hawakuhitaji kufundishwa kwamba jina hubeba habari. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Mabula ni wa mvua. Jina la vita nalo halikuwa geni. Mtyela Kasanda, kijana wa Uyowa aliyejenga dola lililotikisa njia yote ya Ujiji katika miaka ya 1870, anakumbukwa kwa jina la Mirambo, linaloelezwa kuwa na maana ya maiti nyingi. Kama mtu angemweleza Mirambo kwamba kuna mfalme Ulaya anayeitwa dhamira-na-kofia-ya-chuma, sidhani angeshangaa.

Jina lilipata umaarufu wake wa kwanza kusini mwa Ufaransa ya leo. Binamu wa Karolo Mkuu, liwali wa Toulouse, alipigana vita vingi, kisha akaacha upanga na kuanzisha monasteri ya Gellone mwaka 804. Huyo ndiye Mtakatifu Wilhelm, na mashairi ya mashujaa yalimwimba kwa karne nyingi. Midomo ya Wafaransa haikuipenda w ya mwanzo, ikaigeuza gu, na hapo ndipo Guillaume ilipotoka, pamoja na Guglielmo ya Italia na Guillermo ya Hispania. Wanormani wa kaskazini waliibakiza w. Mtawala wao alipovuka bahari mwaka 1066 na kuiteka Uingereza, alilibeba jina kwa umbo ambalo Waingereza hadi leo hulitamka William. Waholanzi wana Willem. Kwa hiyo jina moja la Kijerumani lilikuwa limeshagawanyika katika matawi mengi ya Ulaya kabla msafara wowote wa Wazungu haujaikanyaga njia ya Tabora.

Huko kwao Ujerumani lilibaki jina la wakulima na la wafalme pia. Nasaba ya Hohenzollern, iliyotawala Brandenburg na baadaye Prussia, ililishikilia kama mali ya ukoo. Friedrich Wilhelm, aliyetawala Brandenburg tangu 1640, aliwaachia warithi wake jina hilo la mawili kwa moja, na wanne kati yao walivaa taji la Prussia wakiitwa hivyo hivyo. Kisha akaja Wilhelm bila Friedrich. Tarehe 18 Januari 1871, ndani ya kasri la Versailles, alitangazwa kuwa Kaizari wa dola jipya la Ujerumani. Karne ya 19 ilijaa watu wa jina hili. Mmoja wa ndugu wawili waliokusanya hadithi za watu wa kawaida wa Ujerumani ni Wilhelm Grimm. Aliyegundua miale ya eksirei mwaka 1895 ni Wilhelm Conrad Röntgen. Si sahihi kulihesabu jina hili kuwa la wafalme tu, ingawa Afrika Mashariki ililijua kwanza kwa njia ya wafalme na watu wao.

Saini ya kwanza ya Wilhelm iliyogusa njia yetu iliwekwa Berlin tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano maarufu wa kugawana Afrika kumalizika. Kaizari Wilhelm wa Kwanza, mzee aliyekaribia miaka 88, alitia saini hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters mamlaka juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ukiitazama ramani, nchi hizo ndizo ambazo misafara ilizipita ikitoka Bagamoyo kwenda bara. Peters alikuwa ameokota mikataba yake kwa majuma machache mwishoni mwa mwaka 1884, kwa watu ambao hawakuambiwa kwa uwazi walichokuwa wakikitoa. Jina lililowekwa chini ya karatasi lilifanya karatasi ile iwe na majeshi nyuma yake.

Lakini Wilhelm mwenye miguu na mikono, aliyepita Tabora mapema zaidi kwa kadiri ninavyojua, hakuja kwa ajili ya ufalme. Wilhelm Junker alizaliwa Moscow mwaka 1840 katika familia ya Kijerumani, akasomea udaktari, kisha akatumia miaka yake mizuri kuchunguza nchi za Azande na mito inayotenganisha bonde la Nile na bonde la Kongo. Vita vya Mahdi vilipomfungia njia ya kaskazini, alijikuta amekwama pamoja na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta. Mwanzoni mwa 1886 aliamua kutoka kwa njia ya kusini. Alipita Bunyoro, akapita Buganda katika mwaka ule ule Kabaka Mwanga alipowaua Wakristo wake, akavuka Ziwa Viktoria, akateremka hadi Tabora. Huko alijiunga na msafara wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, wakashuka pamoja hadi pwani. Desemba 1886 alikuwa Unguja.

Napenda kuwaza juu ya safari hiyo. Tippu Tip alikuwa mtu wa Tabora kwa namna ya pekee: baba yake aliishi huko na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na hiyo ndiyo iliyowapa Waarabu wa ukoo wake mlango katika Unyanyembe. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye njia. Daktari wa Kijerumani alikuwa mgeni chini ya ulinzi wake, akitegemea chakula, wapagazi na heshima ya mfanyabiashara Mwafrika-Mwarabu mwenye bunduki nyingi na pembe za ndovu zisizohesabika. Hakuna aliyejua kwamba miaka minne baadaye mizani ingekuwa imegeuka. Barua za Emin alizozibeba Junker zilichochea Ulaya. Stanley alitumwa kumwokoa Emin, na kuokolewa kwa Emin ndiko kulikomleta Emin mwenyewe Tabora akiwa na bendera.

Hapo ndipo Wilhelm mwingine anapoingia, na huyu hakuja kama mgeni. Emin, mtoto wa Silesia aliyepewa jina Eduard Schnitzer kisha akajichagulia jina la Kituruki, aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa Aprili 1890 kwa utumishi wa Ujerumani. Katika msafara wake walikuwamo Dr. Franz Stuhlmann na luteni kijana, Wilhelm Langheld. Walipofika Tabora mwishoni mwa Julai, Mkataba wa Julai 1 kati ya Ujerumani na Uingereza ulikuwa tayari umekwisha kuiweka nchi nzima ya Unyamwezi upande wa Ujerumani, bila Mnyamwezi yeyote kuulizwa. Emin alifanya mapatano na Waarabu wa Tabora na kupandisha bendera. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekuwa akitoza hongo kwa kila msafara uliopita kwake, hakukubali kwamba kitambaa kilichoning'inizwa na wageni kimemwondolea haki ya kutawala nchi ya baba zake.

Alikuwa na sababu. Hongo haikuwa wizi, kama walivyoandika wasafiri wengi wa Kizungu kwa hasira. Ilikuwa kodi ya njia, malipo ya visima, ulinzi na ruhusa ya kupita, na mtemi aliyeiacha alikuwa ameacha utemi. Isike aliilinda ikulu yake dhidi ya mashambulizi ya Wajerumani. Januari 1893 Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, aliivamia ngome kwa askari na mizinga. Isike alipoona mambo yamekwisha aliwasha ghala la baruti ili afe pamoja na nyumba yake. Hakufa papo hapo. Waliomkuta anakata roho walimnyonga. Baada yake, Wajerumani walisimika watawala waliowataka wao, na kofia ya chuma iliyomo katika jina la Kaizari ikawa kitu cha kila siku cha Tabora: boma juu ya kilima, askari getini, bendera asubuhi.

Langheld aliendelea na utumishi wa kijeshi katika nchi za maziwa na baadaye, mwaka 1909, akachapisha kumbukumbu za miaka yake ishirini katika makoloni. Wilhelm aliyekuwa na uzito zaidi, hata hivyo, hakuwahi kuiona Tabora. Wilhelm wa Pili alirithi kiti Juni 1888, akiwa na miaka 29, na sura yake ilifika mahali ambapo mwili wake haukufika, kwa njia ya rupia.

Rupia hii ina historia yake. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kuitoa mwaka 1890 kwa uzito na ubora uleule wa rupia ya India, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani, Wahindi na Waarabu, walikwisha kuizoea hiyo na wasingeikubali sarafu dhaifu. Iligawanywa katika pesa 64. Ile pesa ya shaba ilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja, ili isomeke na watu wa pwani waliojua kusoma. Mwaka wake uliandikwa kwa hesabu ya Hijra. Rupia ya fedha haikuwa na hati ya Kiarabu. Ilikuwa na Kilatini na uso wa Kaizari. Naona hilo kuwa jambo la kuzingatiwa: ile pesa ndogo iliongea na wenye nchi kwa hati yao, rupia ikaongea na Kaizari mwenyewe. Mwaka 1904 serikali ilichukua kazi ya kampuni, ikagawa rupia katika heller 100. Kutoka hapo Kiswahili kilipata neno hela, ambalo halitaji mtu yeyote.

Kabla ya rupia, njia ya Tabora iliendeshwa kwa vitu. Mpagazi alilipwa merikani, kaniki, shanga, masango ya shaba, na posho ya kila siku ilikuwa kipande cha nguo cha kubadilisha na unga kijijini. Kilichoifanya rupia iwe ya lazima ni kodi. Amri ya kodi ya kibanda ya mwaka 1897 ilianza kutumika 1898, na kwa nyumba za bara kiwango cha kawaida kilikuwa rupia tatu. Mwanzoni watu wengi walilipa kwa nafaka, mifugo au kazi, lakini mwenye boma alitaka fedha. Kwa hiyo mwanamume wa Unyanyembe alijitwisha mzigo wa kilo 30 hivi, akatembea hadi pwani, miezi karibu mitatu kwa mwendo wa kawaida wa msafara, ili apate sarafu zenye jina la Wilhelm, arudi nazo, na kumrudishia Wilhelm mwenyewe kwa mkono wa karani. Wengine hawakurudi. Walibaki mashamba ya mkonge Tanga na Usambara, au walizikwa njiani Ugogo.

Ramani nayo ilipewa jina hilo. Mji mdogo wa Usambara uliitwa Wilhelmstal. Leo ni Lushoto. Kilele cha Kibo, ambacho Hans Meyer alikifikia Oktoba 1889, kiliitwa Kilele cha Kaizari Wilhelm hadi Desemba 1961, kilipopewa jina la Uhuru. Kila Januari 27, siku ya kuzaliwa kwa Kaizari, maboma ya koloni yalifanya gwaride. Tabora nayo, ikiwa moja ya vituo vikubwa vya kijeshi vya bara, ilikuwa na siku yake ya bendera na ngoma. Kisha reli ya kati iliingia Tabora mwaka 1912 na kufika Kigoma mapema 1914. Misafara iliyokuwa imelijenga jina la Tabora kote Afrika Mashariki ikakatika ndani ya miaka michache tu, kwa kasi ambayo vita vya karibu nusu karne havikuwahi kuifikia.

Kati ya Wilhelm wote waliofika Unyamwezi, mmoja ananigusa kuliko wengine. Wilhelm Blohm alikuwa mmisionari wa Kanisa la Moravian, lililochukua kituo cha Urambo mwaka 1898 kutoka kwa Waingereza wa London Missionary Society. Wengine walileta bunduki, sarafu au daftari la kodi. Blohm alikaa akasikiliza. Alijifunza Kinyamwezi na kuandika yale aliyoambiwa na watu: kilimo na mifugo, ujenzi wa nyumba, ndoa, urithi, mizimu, uganga, hadithi. Vitabu vyake vitatu juu ya Wanyamwezi vilichapishwa Ujerumani kati ya 1931 na 1933, wakati nchi haikuwa tena ya Kijerumani na hakuna mtawala aliyekuwa na faida ya kuvitumia. Kimoja chao kimejaa matini za Kinyamwezi zenyewe. Watafiti wa baadaye wa Unyamwezi wamekuwa wakirudi kwake, na maneno ya wazee waliozungumza naye bado yapo, katika lugha yao. Alikuwa mtu wa wakati wake, na alikuja kubadilisha imani ya watu. Hata hivyo kazi yake ilimheshimu aliyesema kabla ya aliyeandika, na hilo halikuwa jambo la kawaida katika siku hizo.

Vita vya 1914 vilikata meli kutoka Ujerumani, na pamoja nazo rupia mpya. Dar es Salaam ilichapisha noti. Kisha serikali ikahamia ndani, na Tabora, kwa mara moja tu katika historia yake, ikafua sarafu. Ilitumika karakana ya reli. Sarafu za heller 20 na 5 zilipigwa kwa shaba, zikiwa na taji la dola na herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke zilipigwa rupia 15, zilizolingana na marki 20 za Ujerumani, zaidi ya 16,000 kwa jumla. Ukiigeuza sarafu hiyo unaona tai upande mmoja, na upande wa pili tembo anayetembea mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Uso wa Kaizari haupo, wala jina lake. Pengine hapakuwa na fundi wa kuchonga sura ngumu ya mtu kwa haraka ile. Vyovyote iwavyo, sarafu pekee ya dhahabu ya koloni la Wilhelm ilitolewa bila Wilhelm. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo, likiongozwa na Charles Tombeur, liliingia mjini. Miaka miwili baadaye, Novemba 1918, Wilhelm wa Pili aliacha kiti na kukimbilia Uholanzi, alikofia Doorn mwaka 1941.

Ujerumani yenyewe jina lilianza kuchakaa. Wazazi walioshuhudia vita hawakuwa na hamu ya kumpa mtoto jina la mtu aliyewaongoza humo, na Wilhelm, lililokuwa katika kila ukoo, likawa jina la babu. Lilibaki kwa kifupi chake, Willi au Willy. Kijana mmoja mpinzani wa Wanazi, aliyezaliwa Lübeck akiitwa Herbert Frahm, alijificha kwa jina la Willy Brandt na hakuliacha tena, hata alipokuwa Kansela wa Ujerumani Magharibi kuanzia 1969. Alipoongoza tume ya kimataifa ya mahusiano ya nchi tajiri na maskini, iliyotoa ripoti yake mwaka 1980, mmoja wa wajumbe alikuwa Amir Jamal, waziri wa Tanzania na mzaliwa wa Mwanza, mji wa njia ya kaskazini iliyotoka Tabora.

Kwetu jina lilibaki kwa mlango mwingine kabisa. Baada ya 1919 Waingereza walileta umbo lao, William, na likaenea kwa ubatizo na shule. Baba yake Rais Benjamin William Mkapa, katika kijiji cha Lupaso kule Masasi, aliitwa William Matwani. Umbo la Kijerumani nalo halikufa: katibu mkuu wa zamani wa Riadha Tanzania, marehemu Wilhelm Gidabuday, alilibeba kama lilivyo. Na ukisikiliza orodha ya majina katika parokia yoyote kubwa ya Kikatoliki, utasikia ndugu zake wa ukoo wa wil: Wilfred, Wilbard, Wilbrod. Hili la mwisho, linalojulikana nchini kote kwa Dr. Wilbrod Slaa, aliyekuwa padri kisha katibu mkuu wa CHADEMA na mgombea urais wa 2010, limetoka kwa Mtakatifu Willibrord, mmisionari aliyeiacha nchi yake Uingereza mwishoni mwa karne ya 7, akavuka bahari kwenda kuhubiri kwa Wafrisia, na kufa Echternach mwaka 739, karibu miaka 1,150 kabla ya rupia ya kwanza ya Kaizari kupigwa.